Trio da Paz na ngoma iliyojificha ndani ya gitaa

Muziki wa Brazili umeonewa kwa muda mrefu. Ingia hoteli yoyote kubwa, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Dubai, na huenda ukaikuta bossa nova ikipigwa kwa sauti ya chini kwenye lifti au ukumbi wa kifungua kinywa, imelainishwa mpaka haina mfupa. Wengi wanaujua muziki huo kwa namna hiyo tu: sauti ya kike inayonong'ona, gitaa la taratibu, ufukwe wa kufikirika. Wakimaliza chai wanainuka bila kujua kwamba chini ya upole ule kuna ngoma ambayo zamani iliwagombanisha watu na polisi.

Katika jiji la New York, tangu katikati ya miaka ya 1980, Wabrazili watatu wamekuwa wakiirudisha ngoma hiyo mahali pake. Romero Lubambo anapiga gitaa la nyuzi za nailoni. Nilson Matta anapiga besi, lile kubwa la mbao ambalo mpigaji hulikumbatia akiwa amesimama. Duduka da Fonseca yuko kwenye dramu. Wanajiita Trio da Paz, yaani trio ya amani, na zaidi ya miaka 30 baada ya kuanza, watu walikuwa walewale watatu. Anayejua maisha ya bendi atakubali kwamba hilo peke yake ni jambo kubwa.

Jazi inayozungumzwa hapa si ile ya majina ya bendi zetu za zamani, kama Morogoro Jazz au Western Jazz, ambazo zilikuwa bendi za dansi. Ni jazi iliyokulia Marekani, ambamo wanamuziki huanza na wimbo, kisha kila mmoja kwa zamu hubuni lake papo hapo juu ya msingi wa wimbo ule huku wenzake wakimshikilia, halafu wote hurudi kwenye wimbo na kuufunga. Trio da Paz hufuata utaratibu huo. Tofauti yao iko kwenye udongo wanaosimama juu yake, nao ni samba na ndugu zake: baião ya kaskazini-mashariki, partido alto ya mitaa ya Rio, na bossa nova yenyewe.

Samba ilianza na Waafrika. Kati ya watu waliosafirishwa utumwani kuvuka Atlantiki, Brazili ilipokea wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Wanahistoria wanakadiria kuwa walioshuka wakiwa hai walikaribia milioni 5. Mjini Rio de Janeiro wengi walishukia gati la Valongo, lililoanza kutumika mwaka 1811. Kundi kubwa lilitoka Angola na bonde la Kongo, na wengine walipakiwa huku kwetu upande wa mashariki, pwani ya Msumbiji. Gati hilo lilifunikwa na majengo likasahauliwa, mpaka mafundi wa kukarabati bandari walipolifukua mwaka 2011. Miaka 6 baadaye UNESCO ililiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Brazili ndiyo iliyochelewa kuliko nchi zote za Amerika kukomesha utumwa, tarehe 13 Mei 1888, na walioachwa huru hawakupewa ardhi wala mtaji. Walichobaki nacho ni mikono, imani zao na ngoma zao.

Maeneo ya karibu na bandari ile yalikuja kuitwa Afrika Ndogo. Huko ndiko nyumba ya mama mmoja kutoka Bahia, Tia Ciata, ilikokuwa ukumbi wa ibada, chakula na muziki, na huko ndiko historia inakoiweka asili ya "Pelo Telefone", wimbo ambao mwanamuziki Donga aliusajili mwaka 1916 na ambao huhesabiwa kuwa samba ya kwanza kupata umaarufu kwenye santuri. Polisi hawakuupenda muziki huo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1908 walimnyang'anya mpigaji João da Baiana tari lake, pandeiro, akiwa njiani kwenda kwenye sikukuu, na seneta mmoja mkubwa, Pinheiro Machado, akampa jingine lenye maandishi yaliyoonyesha nani amelitoa, ili asisumbuliwe tena. Kupiga tari kulihitaji kinga ya seneta!

Mwishoni mwa miaka ya 1920, vijana wa mtaa wa Estácio waliibadilisha samba iweze kutembea barabarani wakati wa kanivali. Mmoja wao, Alcebíades Barcelos aliyejulikana kwa jina la Bide, anatajwa kuwa ndiye aliyetengeneza surdo kwa kuwamba ngozi juu ya kopo kubwa la siagi. Surdo ndiyo ngoma nene ya samba. Samba ina mapigo mawili, na surdo hulemea lile la pili, ndiyo maana mwili wa msikilizaji huhisi kama unavutwa kuelekea chini na mbele kwa pamoja. Juu ya uzito huo huja tamborim, kigoma kidogo kinachochapwa kwa kijiti, chenye mchoro usiotulia, unaokwepa mapigo na kuyadokoa pembeni. Kati ya uzito na wepesi huo ndimo samba nzima inamoishi.

Naomba msomaji aishike picha hiyo ya ngoma mbili, kwa kuwa bila yake gitaa la Brazili halieleweki.

Mwaka 1958 kijana kutoka Juazeiro, Bahia, aliyeitwa João Gilberto, alirekodi "Chega de Saudade", wimbo wa Antônio Carlos Jobim wenye maneno ya Vinicius de Moraes. Sauti yake ilikuwa ndogo, bila madoido. Mapinduzi yalikuwa kwenye mkono wake wa kulia. Dole gumba lilitembea kwenye nyuzi nene likifanya kazi ya surdo, na vidole vingine vilipiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwenye nyuzi nyembamba vikifanya kazi ya tamborim. Kikosi cha barabarani kikawa kimeingia ndani ya gitaa moja, na mpigaji akaweza kukaa kwenye kiti chumbani usiku bila kuwaamsha jirani. Watu waliusikia upole wake wakadhani ngoma imeondolewa, kumbe ilikuwa imehamia vidoleni.

Wamarekani waliupenda muziki huo haraka. Februari 1962 mpiga saksafoni Stan Getz na mpiga gitaa Charlie Byrd walirekodi albamu ya Jazz Samba katika jengo la kanisa mjini Washington, na Novemba mwaka huohuo Wabrazili wenyewe wakapanda jukwaa la Carnegie Hall, New York. Mwaka 1964 ikatoka Getz/Gilberto, ambayo ilishinda Grammy ya albamu ya mwaka. Saksafoni ya Getz kwenye rekodi hizo ni miongoni mwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia, na sitaki nieleweke kwamba naidharau. Lakini sikiliza dramu za Jazz Samba. Zimeufuata mchoro kwa makini, kama mwanafunzi anayenakili, ila ule mvuto wa pigo la pili haupo. Melodi zilikuwa zimeshavuka bahari ilhali mdundo ulikuwa bado uko njiani. Bossa nova ya lifti ilizaliwa hapo, kwenye nakala za nakala zilizofuata.

Huko Rio mambo yalikuwa mengine. Mtaa wa Copacabana una uchochoro uliojulikana kwa jina la Beco das Garrafas, uchochoro wa chupa, kwa sababu wakazi wa ghorofani waliochoshwa na kelele waliwatupia watu chupa kutoka madirishani. Ndani ya vilabu vyake vidogo, Bottle's Bar na Little Club vikiwamo, vijana waliokwishasikiliza jazi ya Marekani walikuwa wakiipiga samba kwa nguvu, piano, besi na dramu. Trio zilichipuka moja baada ya nyingine: Tamba Trio ya Luiz Eça, Bossa Três, na huko São Paulo, Zimbo Trio pamoja na Sambalanço Trio, ambamo Airto Moreira alikaa kwenye dramu kabla hajaenda kupiga na Miles Davis. Kuwa watatu kulikuwa na sababu zake za kawaida kabisa, kwani jukwaa lilikuwa dogo na malipo yalikuwa madogo, lakini ufinyu huo ulizaa nidhamu. Kila mmoja alilazimika kubeba zaidi ya mzigo wake.

Katika uchochoro ule alisikika Edison Machado. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja ngozi ya dramu yake ilipasuka katikati ya kazi, naye badala ya kusimama akauhamishia mchoro wa samba kwenye toazi kubwa la shaba. Iwe ndivyo ilivyokuwa au la, mtindo wa kupiga samba juu ya toazi unahusishwa na jina lake, na matokeo yake yalikuwa makubwa. Mpiga dramu wa jazi huongoza kwa toazi. Machado alipoipandisha samba huko, aliufungua mlango ambao muziki wa pande mbili ungeweza kupitia bila kuinama.

Duduka da Fonseca, aliyezaliwa Rio mwaka 1951, alimchukua Machado kuwa shujaa wake. Alihamia New York mwaka 1975, akapitia miaka ya kuhangaika ambayo kila mgeni wa jiji lile anaijua. Lubambo na Matta walifika mwaka 1985. Matta, mzaliwa wa São Paulo mwaka 1949, alikuja akiwa tayari mpigaji mzoefu wa besi. Lubambo alikuwa na miaka 30 na shahada ya uhandisi wa mitambo kutoka chuo kikuu cha Kikatoliki cha Rio, pamoja na mafunzo ya gitaa la klasiki katika shule ya muziki ya Villa-Lobos. Mzazi gani angefurahia kumwona mhandisi wake anapanda ndege na gitaa? Hata hivyo, usafi wa upigaji wake unaonyesha kwamba hakuna alichokisoma kilichopotea. Noti zake hata zikikimbia kasi hubaki kila moja na umbo lake.

Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1992 na kuitwa Brasil from the Inside, Brazili kutoka ndani. Jina lilikuwa tamko. Miaka 30 baada ya Jazz Samba, mtaani kwa jazi penyewe, walikuwa wakisema kwamba muziki huu unaweza kupigwa na watu waliozaliwa nao bila kuwa maonyesho ya kigeni, na pia bila kuogopa uhuru wa jazi. Mwaka 1994 ikafuata Black Orpheus, iliyorudi kwenye nyimbo za tamthilia na filamu ya Orfeu, hadithi ya kale ya Kigiriki iliyohamishiwa kwenye vilima vya Rio. Filamu hiyo ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1959, na ndiyo iliyoutambulisha ulimwenguni wimbo wa Luiz Bonfá "Manhã de Carnaval", ambao nao umeteswa sana na wapigaji wa hotelini.

Sasa turudi kwenye vidole. Msikilizaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi anajua jinsi kazi zinavyogawanywa: mmoja solo, mwingine rizimu, wa tatu besi, na nyuma yao dramu na tumba. Kwenye Trio da Paz solo na rizimu ziko kwa mtu mmoja. Hapo panaibuka tatizo. Gitaa la João Gilberto lilitengenezwa lijitosheleze, dole gumba likiwa surdo. Je, anapokuwapo Matta na besi lake, na Fonseca na dramu yake ya mguuni, hilo dole gumba lifanye nini? Likiendelea kupiga kila pigo la pili, watakuwa watu watatu wanaosema neno lilelile kwa wakati mmoja, na muziki utakuwa mzito kama tope.

Jibu lao ndilo linalonifanya niwasikilize tena na tena. Hawakupeana mipaka ya kudumu. Surdo huzunguka. Kwa muda fulani Matta ndiye anayeibeba, noti nene ya pili ikivutwa mpaka karibu ichelewe, na Lubambo anaachia dole gumba lipumzike ili vidole viwe tamborim tupu. Lubambo akiingia kwenye solo na kodi zikanyamaza, Fonseca huichukua tamborim na kuiweka kwenye toazi au pembeni mwa dramu ndogo. Matta akipanda juu ya shingo ya besi kuimba melodi, gitaa hushuka kushika chini. Na wakati mwingine wote wanaiacha surdo kabisa, mapigo kadhaa yanapita matupu, lakini msikilizaji anaendelea kuisikia kwa sababu mwili wake umeshaizoea. Hapo ndipo unapojua kwamba mdundo umekaa.

Kupiga kwao bila umeme mwingi kuna umuhimu wake hapa. Haimaanishi kwamba hakuna maikrofoni. Maana yake ni kwamba nyuzi za nailoni zina kikomo cha ukali, na dramu ikizidi gitaa linazama. Kwa hiyo Fonseca hujenga nguvu kwa njia nyingine: kwa brashi, kwa ncha ya kijiti, kwa kubadilisha mahali anapogusa toazi. Wapiga dramu wengi wakitaka joto huongeza sauti, lakini yeye huongeza msongamano, vipigo vidogo vinavyobanana mpaka chumba kinachemka huku sauti ikiwa ileile. Ujuzi huo aliuweka pia kwenye kitabu cha mafunzo ya midundo ya Kibrazili kwa wapiga dramu, alichokiandika na Bob Weiner na kutoka mwaka 1991. Matta naye alianzisha warsha za Samba Meets Jazz, ambazo huwakutanisha wanafunzi watu wazima na walimu waliobobea. Naliona hili kuwa sehemu ya kazi yao ileile. Tatizo la mwaka 1962 lilikuwa kwamba mchoro wa samba uliandikwa kwenye karatasi bila mtu wa kuonyesha unavyochezwa mwilini, na hawa wamekuwa wakilipa deni hilo darasani.

Samba ina ugumu ambao karatasi haiwezi kuushika. Swingi ya jazi hugawanya pigo kuwa refu na fupi, likienda kama kuchechemea kwa madaha. Samba hugawanya pigo katika vipande vinne, lakini si sawasawa: vinabanwa na kuachiwa, vingine vikija mapema kidogo, vingine vikichelewa, na kila mtaa una namna yake. Mpigaji wa jazi akiingia na swingi yake juu ya samba, viwili hivyo hugongana. Trio da Paz wanaweza kuanza upande mmoja na kuteleza kwenda mwingine ndani ya sentensi moja ya muziki. Lubambo hutafuta kodi za jazi ya kisasa, zenye noti zinazokwaruzana, lakini mkono wa kulia haujaondoka Rio. Kwenye utunzi wake wa "Bachião" amekwenda mbali zaidi, akiitia mistari inayokimbizana kwa namna ya Bach ndani ya baião, muziki ambao Luiz Gonzaga aliusambaza Brazili nzima kwa kodiani, pembetatu ya chuma na ngoma ya zabumba.

Wanamuziki wakubwa wa jazi wameliona hilo. Mapema miaka ya 1990 Matta alikuwa kwenye kundi la mpiga piano Don Pullen lililoitwa African Brazilian Connection, pamoja na mpiga ngoma Mor Thiam kutoka Senegal, ambaye vijana watamjua zaidi kama baba yake mwimbaji Akon. Pullen, Mmarekani mweusi, alikuwa ameiona ile pembetatu ya Afrika, Marekani na Brazili ambayo watu hupita juu yake bila kuitazama: jazi na samba ni watoto wa safari ileile ya baharini waliolelewa nyumba tofauti. Mtu akisema Trio da Paz wanachanganya muziki wa nchi mbili, anasema kweli nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba ndugu wawili wanatambuana.

Kwangu mimi ushahidi ulio bora wa jambo hilo ni Canta Brasil, albamu ya mwaka 2002 ambamo mpiga piano Kenny Barron aliungana na trio nzima. Barron ndiye aliyemsindikiza Stan Getz katika miezi yake ya mwisho, mwaka 1991, kwa hiyo ndani ya mikono yake kuna historia yote ile ya Wamarekani kujifunza bossa nova. Safari hii hakuja kuazima nyimbo maarufu. Alileta tungo zake, mojawapo ikiitwa "Zumbi", jina ambalo kwa Mbrazili humkumbusha kiongozi wa Palmares, ngome ya watumwa waliotoroka, aliyeuawa tarehe 20 Novemba 1695. Matta akatoa "Paraty", Lubambo "Bachião", Fonseca "Dona Maria". Hakuna mwenyeji wala mgeni kwenye rekodi ile. Piano inapoingia, trio haijikunyati kumpisha mkubwa; inafungua nafasi kwa namna ileile inavyofunguliana yenyewe.

Si kila walichofanya kinanigusa kwa kiwango hicho. Kwenye baadhi ya rekodi za studio ustadi unakuwa mwingi mpaka hatari inapotea, kila kona imepigwa msasa, nami ninatamani mmoja wao akosee kidogo. Ndiyo maana naipenda rekodi yao ya jukwaani kutoka tamasha la JazzBaltica nchini Ujerumani, ambako nyimbo zinapewa muda wa kurefuka na watatu hao wanasukumana. Mwaka 2016 waliadhimisha miongo mitatu kwa albamu iliyoitwa 30, nyimbo zake nyingi zikiwa tungo zao wenyewe, na ikateuliwa kuwania Grammy ya jazi ya Kilatini. Tuzo ilikwenda kwa Chucho Valdés wa Kuba, na si aibu kushindwa na mtu huyo.

Kwa anayetaka kuanza, ningesema aanze na Canta Brasil, kisha arudi nyuma kwenye Brasil from the Inside, na baada ya hapo aitafute Chega de Saudade ya João Gilberto asikilize dole gumba tu, hata kama hajui neno la Kireno. Asitumie spika ya simu. Noti za Matta ziko chini mno kwa spika hiyo, zinapotea zote, na kinachobaki ni gitaa zuri lisilo na miguu, yaani muziki uleule wa lifti. Spika ya kawaida ya sebuleni inatosha, au visikizi vya masikioni vyenye ubora wa wastani. Asikilize mara ya kwanza akifuata gitaa kama kila mtu anavyofanya. Mara ya pili alisahau gitaa, afuate pigo la pili, na kila linapohama mkono ajiulize sasa limeshikwa na nani.